Kuwadi Kavaa Suti, Eti Siku Hizi ni Meneja

Jamani, kila nikigusa mada hii swali ni lile lile: "Hao wadada wanaovua nguo mbele ya kamera, wamekosa kazi nyingine?" Mhariri mmoja aliniambia hayo ni matusi, si habari. Haya, nguo tuziache. Tuongee pesa.

Desemba 2024 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu studio za Kolombia, katika miji kama Bogotá na Medellín. Studio ni jengo la vyumba vidogo vidogo. Mwanamke anakaa mbele ya kamera, mteja analipa akiwa nchi nyingine. Tovuti inakata asilimia 50 hadi 65 ya anacholipa mteja. Kinachobaki, studio inaweza kukata hadi asilimia 70. Shika kalamu, msomaji wangu. Mteja katoa dola 100. Tovuti 50, studio 35, dada 15. Na hiyo ni tovuti yenye huruma!

Wapo waliosimulia zamu za saa 18, vyumba vyenye kunguni na mende, faini kwa kwenda kula au chooni. Chooni! Wengine walishinikizwa kufanya vitendo walivyokwisha kuvikataa.

Sasa mtaniuliza, kwa nini wasiondoke? Kwa sababu akaunti anaishika meneja. Yeye ndiye aliyeifungua, ndiye anayepokea malipo, na wapo wafanyakazi ambao hawakuwahi kusoma hata masharti ya tovuti. Ukiondoka unawaacha wateja wako wote na unaanza upya. Zamani mtu wa namna hii tulimwita kuwadi, na hakuna aliyebisha.

Sweden toka Julai 1, 2025 inamwadhibu anayelipia tendo la ngono linalofanywa kwa kamera kwa agizo lake. Wengi wamepiga makofi. Mimi sijapiga. Mteja wa Stockholm akikimbia, kwa dada wa Medellín kimebadilika nini? Faini ya chooni iko pale pale. Afadhali Ubelgiji, ambayo toka Desemba 1, 2024 inaruhusu wanaouza ngono kuajiriwa kwa mkataba: likizo ya uzazi, haki ya kumkataa mteja bila kufukuzwa, na mwajiri lazima awe na kibali.

Najua kuna atakayesema nahalalisha uzinzi. Ndugu yangu, sijakuomba umsifu mtu. Kumkata mfanyakazi mshahara kwa sababu kabanwa na haja ni wizi, hata angekuwa anashona vitambaa.

Ninachotaka ni hiki: akaunti iwe ya mwanamke mwenyewe, na neno la siri alijue yeye peke yake. Tovuti imlipe yeye moja kwa moja. Studio ikitaka chake, imdai kodi ya chumba kama mwenye nyumba mwingine yeyote, na risiti itoe. Tovuti itakayoendelea kumlipa meneja nayo ipelekwe mahakamani pamoja naye.