Gitaa Lisiloguswa Litanunuliwaje?

Katika soko la Gikomba, mtu anayetafuta viatu vya mitumba huvivaa vyote viwili, akatembea hatua kumi huku na huku, kisha akavirudisha bila kununua, na muuzaji asimwambie neno baya. Muuza tikitimaji naye hukata kipande ukaonja. Lakini ingia katika duka la ala za muziki ukiwa umevaa sare ya shule au koti lililochakaa, ndipo utakapoona maajabu. Magitaa yametundikwa juu ukutani kama picha za wakubwa, na chini yake pamebandikwa onyo la Kiingereza kwamba mtu asiguse. Gitaa ni kitu cha mkono na sikio. Kumwambia mnunuzi alitazame tu ni sawa na kumwambia achague ugali kwa kuusikiliza.

Hivi majuzi niliandamana na mpwa wangu, kijana wa mtaa wa Jericho aliyemaliza kidato cha nne, kwenda kununua gitaa lake la kwanza. Alikuwa amedunduliza ujira wa vibarua vya ujenzi kwa miezi mitano. Duka lenyewe silitaji jina, kwani maradhi haya si ya duka moja. Muuzaji alianza kwa kututazama viatu. Kijana akamwamkia kwa Kiswahili cha adabu. Akajibiwa kwa Kiingereza, akiulizwa ana pesa ngapi. Alipotaja shilingi 12,000, akaonyeshwa kwa kidevu pembe ya duka palipoegemezwa magitaa matatu yenye vumbi. Alipoomba kujaribu mojawapo, akaambiwa kwamba uzi ukikatika ataulipia.

Akalipokea kwa mikono miwili. Nyuzi zote sita zilikuwa zimelegea, na hakuna aliyejishughulisha kuzikaza. Ikawa kama mtu anayeonjeshwa mchuzi usiotiwa chumvi kisha anahimizwa aseme kama ni mtamu.

“Mjomba, pengine haya si mambo yetu,” aliniambia tulipotoka.

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Mtu akinyimwa bei nafuu ataweka akiba tena. Akishatiwa moyoni kwamba ala fulani si ya watu wa mtaa wake, haweki akiba tena, wala hamtumi mwanawe.

Walimu wa muziki watanisamehe nikiingilia uwanja wao kidogo, kwani wanafunzi wengi wanaosoma ukurasa huu hawajawahi kuambiwa gitaa hukaguliwa vipi. Kwanza, lishike na utazame shingo yake kwa urefu, kama seremala atazamavyo ubao, uone kama imepinda au imejisokota. Pili, angalia umbali uliopo baina ya nyuzi na shingo. Nyuzi zikiwa juu mno, vidole vya mwanagenzi huumia kupita kiasi. Baada ya wiki moja ataliacha, akidhani hana kipaji, kumbe alikosa fundi wa kuliteremsha daraja. Tatu, pitisha kiganja ukingoni mwa shingo usikie kama ncha za vile vyuma vyembamba zinakwaruza. Hatimaye piga uzi bila kuubana, kisha uubane kwenye chuma cha kumi na mbili na uupige tena. Sauti ya pili yapasa kuwa ile ile ya kwanza, ila imepanda oktavu moja. Isipolingana, gitaa hilo litaimba vizuri chini ya shingo na kupotoka juu, hata ukilikaza namna gani. Jaribio hili halichukui dakika moja, lakini halifanyiki kwa macho, wala halifanyiki kwa nyuzi zilizolegea.

Naijua hoja ya wenye maduka. Wanasema vijana huingia kwa makundi, hukwaruza mali, hawanunui. Si hoja ya kupuuzwa. Mfanyabiashara analipa kodi ya pango na ya serikali, na gitaa lenye mkwaruzo halipati bei. Hata hivyo, dawa yake ni nyepesi. Atengwe gitaa mmoja wa kila aina, likazwe kila asubuhi, liwe la kujaribiwa na kila aingiaye. La hasha, wanapendelea onyo ukutani, kwa sababu onyo halihitaji muuzaji anayejua kukaza nyuzi.

Sasa nije kwenye lugha, ambayo ndiyo kazi yangu. Kwa nini kijana aliyesema Kiswahili ajibiwe kwa Kiingereza, na muuzaji mwenyewe, nilivyosikia akizungumza na mwenzake, ni hodari wa Sheng? Nimewahi kuambiwa na msomi mmoja kwamba Kiswahili hakina msamiati wa gitaa. Huo ni uvivu wa kusikiliza. Wanamuziki wa dansi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakigawana magitaa ya solo, ya rithimu na ya besi kwa miongo mingi. Gitaa halipigwi tu, huchararazwa, hukung'utwa. Lisilotumia umeme huitwa gitaa kavu, na wakongwe wa Tanzania huliita galatoni, jina lililotokana na Gallotone, chapa ya Afrika Kusini. (Gitaa la chapa hiyo hiyo ndilo alilopiga John Lennon mnamo Julai 1957, siku alipokutana na Paul McCartney. Sisi tukaligeuza neno la kamusi, wao wakaliweka katika makumbusho ya kumbukumbu zao.) Na kabla ya hayo yote pwani ilikuwa na udi na gambusi, na bara ilikuwa na nyatiti ya Waluo yenye nyuzi nane. Shingo, daraja, masikio ya kukazia: nani asiyeelewa?

Kweli, yako mapengo. Vile vyuma vyembamba vinavyoigawa shingo, sina neno moja la kuwapa, wala sitaki kuliunda nikiwa nimekaa ofisini. Tumeshaona istilahi nyingi zilizozaliwa mezani zikafia mezani. Afadhali mwanafunzi wangu mmoja aende kwa mafundi wa magitaa, akae nao siku tatu, aandike wanavyoviita.

Ajabu zaidi ni kwamba gitaa liliingia Nairobi likisema Kiswahili. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani aliyefariki mwaka 2000, alikwenda na kikosi cha burudani cha askari wetu katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi akawa miongoni mwa waliotutangulia katika gitaa la umeme. Nyimbo zake mashuhuri ni za Kiswahili. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, aliwahi kuishi na kupiga muziki hapa Nairobi. Aliimba kwa Kiswahili cha kwao, akicharaza kwa kidole gumba na cha shahada tu, na vijana wetu wakaketi kumwiga. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alitoka Magharibi na gitaa kavu lililosindikizwa na chupa ya Fanta iliyokwaruzwa kwa chuma. Daudi Kabaka naye alitunga “Helule Helule”, na kufikia mwaka 1968 Waingereza wa kundi la The Tremeloes walikuwa wakiuimba wimbo huo kwao. Basi ni Waingereza waliokuja kununua kwetu, na hawakukatazwa kugusa.

Mitaa ya Eastlands ilijengwa ikiwa na kumbi. Kaloleni pana ukumbi, Pumwani pana ukumbi. Mtoto aliyekosa gitaa nyumbani angeweza kulishika la mwingine ukumbini. Shuleni nako, muziki uliokuwa ukitahiniwa katika shule za msingi chini ya mfumo wa 8-4-4 uliondolewa katika mtihani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ala zilizokuwapo zikaachiwa mchwa. Mtaala wa umilisi umeirudisha sanaa, na sekondari ya juu iliyoanza kupokea wanafunzi Januari 2026 ina mkondo wa sanaa na michezo. Mkondo bila ala utafundishwa kwa chaki, na tumeshawahi kufundisha kuogelea kwa chaki.

Kwa hivyo, mwalimu mkuu atakayepata fedha za kununua magitaa mawili au matatu mwaka huu asimtume karani peke yake na risiti. Aende na mwalimu wa muziki, na wanafunzi wawili wenye vidole vidogo, maana ndio watakaoumia. Wazungumze Kiswahili tangu mlangoni. Wamwombe muuzaji akaze nyuzi mbele yao, ajaribu uzi baada ya uzi kwenye chuma cha kumi na mbili, na nyuzi za akiba ziandikwe katika risiti ile ile. Akisema hana wakati, yapo maduka mengine River Road.