Maoni: Kompyuta ndogo haijakufa, ni Windows ndiyo imeikataa

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kutoa bure masahihisho ya usalama ya Windows 10. Wenye kutaka kubaki nayo waliongezewa mwaka mmoja tu, tena kwa masharti, kama vile kulipa dola 30 ao kuunganisha mashini yao na akaunti ya Microsoft.

Goma, Bukavu, Uvira ao Butembo, habari hii inagusa watu wengi kuliko inavyoonekana. Mashini nyingi za wanafunzi wetu na za sekretaria za barabarani ni za okazyoni, zimeshatumika miaka mingi kabla ya kufika kwetu. Windows 11 inazikataa. Inadai memori ya giga 4, diske ya giga 64, kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na prosesa ambayo kwa kawaida haina umri mkubwa kuliko mwaka 2018. Hata vikompyuta vipya vya bei ndogo, vyenye diske ya giga 32, vinabaki inje.

Tunajua watu wanafanya nini: wanampa fundi dola chache, anaweka Windows ya wizi. Leseni halali ya Windows 11 ya nyumbani inauzwa dola 139 Marekani; hiyo ni karo ya shule ya mtoto. Na tangu Goma na Bukavu zichukuliwe mwanzoni mwa mwaka 2025 na benki kufunga milango, hata mwenye feza hana njia rahisi ya kulipa kwa karte. Simlaumu mwanafunzi. Lakini anayevunja kufuli ya programu ndiye anayejua alichoingiza ndani. Mara nyingi anazima pia masahihisho ya usalama. Ndipo flashi moja inatoka sekretaria na virusi, na kazi ya mwisho wa masomo inapotea juma moja kabla ya kuitetea.

Kuko njia ingine, ya bure na ya halali: Linux. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, inchini Finland. Ni programu huria, maana yake kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuikopi na kumpa jirani. Si kitu kigeni: Android ya simu yako imejengwa juu ya kiini cha Linux.

Tatizo la anayeanza ni kwamba Linux ziko nyingi. Maoni yangu ni haya. Kama mashini ina memori ya giga 4, chukua Linux Mint ya aina ya Xfce. Inatumia Kifaransa, inafanana na Windows ya zamani kwa menyu yake, na inahitaji diske ya giga 20 tu ili kuanza. Kama memori ni giga 2, jaribu Lubuntu. Kwa mashini dhaifu zaidi, kuko antiX, inayoweza kuwaka hata na memori ya mega 512. Lakini tusidanganyane: kurasa za intaneti za leo ni nzito, na hakuna Linux itakayofanya giga 1 iwe giga 8. Ukipata feza kidogo, ongeza memori ao weka diske ya SSD kabla ya kufikiria mashini mpya.

Linux haifai kila mtu. Mwenye kufanya kazi na Sage ya hesabu, ao mwanafunzi wa afya anayetumia Epi Info, programu hizo zimetengenezwa kwa ajili ya Windows; afikiri mara mbili. Kwa kuandika, LibreOffice inafungua na kuhifadhi faili za Word, ingawa mara zingine mpangilio wa kurasa unasogea. Basi mwalimu apewe PDF.

Tena hakuna haja ya kuamini maneno yangu. Linux inawekwa kwenyi flashi na kuwashwa kutoka humo bila kugusa diske. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na printa. Kitu kikikataa, zima, chomoa flashi, Windows yako inabaki vile ilikuwa. Ukiamua kuiweka kabisa, kopi kwanza kazi zako mahali pengine, na hakikisha betri imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo utaanza upya.

Inabaki shida ya mega. Faili ya Linux Mint inakaribia giga 3, na kwa mwanafunzi hiyo ni feza nyingi. Hapa ndipo vyuo vikuu vyetu vina deni. Chuo kimoja kikipakua faili hiyo mara moja tu, wanafunzi mia tano wanaweza kuikopi kwa flashi, na hakuna sheria itakayovunjwa. Jumamosi moja kwa mwezi, wanafunzi wa informatika wawasaidie wenzao wa sheria, wa kilimo na wa ualimu kuiweka. Haiombi msaada wa inje wala bajeti ya serikali. Inaomba chumba, umeme wa saa chache na flashi kumi.

Badala yake, katika vyumba vingi vya mafunzo bado tunafundisha vijana kwamba kompyuta ni Windows, na Windows ni ile fundi alivunja. Wakuu wa idara za informatika wanaweza kubadilisha hilo kabla ya mwaka ujao wa masomo kuanza. Waanze na mashini zile zimelala ndani ya depo zao.