SHERIA PEKEE HAIMTOI MTOTO SHAMBANI



Wanafunzi wetu wapenzi, kila ufikapo msimu wa kahawa hapa Kagera, mikeka ya madrasa huanza kubaki na nafasi. Tukiuliza, tunaambiwa fulani yuko shambani. Hatusemi kuwa mtoto akimsaidia mzazi wake jioni kuna ubaya. Hayo ni malezi mema. Tunamsemea yule anayeachishwa masomo, anayebebeshwa gunia lililomzidi nguvu au kupewa bomba la kupulizia dawa.

Sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyetimiza miaka hiyo anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha shule, na kazi za hatari ni marufuku kwa kila aliye chini ya miaka 18. Pamoja na sheria kama hizi kuwepo katika nchi nyingi, Shirika la Kazi Duniani na UNICEF walikadiria kuwa mwaka 2024 watoto milioni 138 walikuwa katika ajira ya watoto duniani, na 61 kati ya kila 100 walikuwa katika kilimo.

Kwa nini? Kwa sababu mkaguzi hafiki kila shamba, lakini njaa hufika. Mkulima aliyepunjwa bei hana cha kumlipa kibarua, basi humchukua mwanawe.

Hapo ndipo biashara ya haki inaposaidia. Katika mpango wa Fairtrade, mnunuzi hashuki chini ya bei iliyowekwa, na huongeza fedha ambazo wanaushirika hujiamulia wenyewe matumizi yake. Kuajiri walio chini ya miaka 15 hakuruhusiwi. Mwaka 2001 bei ya kahawa duniani ilianguka chini ya senti 50 za dola kwa ratili, ilhali bei ya chini ya Fairtrade ilizidi dola moja. Chama chetu cha ushirika, KCU, kimeuza sehemu ya kahawa yake kwa njia hiyo.

Wapo wasemao kuwa mpango huu haujamaliza tatizo. Ni kweli, kwani si mazao yote yanayouzwa hivyo. Lakini sheria bila bei ya haki ni kumwamuru mwenye njaa ashibe.

Basi tusiwatazame wanunuzi wa Ulaya peke yao. Butura, yaani kununua kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa, hufanywa na majirani zetu, na wengine tunaswali nao safu moja. Qur'ani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Anayemlipa mkulima nusu ya haki yake ana tofauti gani nao?

Enyi wanafunzi, kesho baadhi yenu mtakuwa wafanyabiashara. Lipeni bei ya haki, na mikeka ya madrasa itajaa hata wakati wa mavuno.

Wabillahi tawfiq.