Mume Mwema na Mke Mwenye Ukiwa

Mke akilalamika, maswali ya kwanza anayoulizwa huwa ni kuhusu mumewe. Anakupiga? Anakunyima matumizi? Ana mwanamke nje? Akijibu hapana mara tatu, kesi imekwisha: rudi nyumbani mwanangu, vumilia, wenzako hayo uliyonayo wanayatafuta. Shangazi husema hivyo, na mara nyingi hata msuluhishi wa ndoa husema hivyo hivyo. Mimi nabishana na maswali hayo, na mashahidi wangu ni hadithi fupi nne za Marekani zilizochapishwa kati ya 1892 na 1937. Ndani yake hamna mume mlevi wala mhuni. Waume hao wanalipa madeni na kulala majumbani kwao, na bado wake zao wanazama.

Mchukue Henry Allen, katika hadithi ya John Steinbeck iitwayo The Chrysanthemums, iliyotoka mwaka 1937. Henry ni mfugaji katika Bonde la Salinas, California. Mkewe, Elisa, ana miaka 35 na mkono wa ajabu kwa maua. Kila anachopanda kinashika. Hadithi inapoanza yumo ndani ya ua wake wa waya, anafyeka mabua ya mwaka jana, na kwa mbali anamwona mumewe amesimama na wanaume wawili kando ya banda la trekta, wanavuta sigara na kuzungumza. Wageni wakishaondoka ndipo anapoambiwa kwamba ng'ombe 30 wameuzwa. Henry ana furaha, anataka kumpeleka mkewe mjini kula na kutazama sinema. Anayasifu maua yake kwa moyo mweupe, kisha anasema angependa mkewe aingie kwenye bustani ya matunda azalishe matufaha makubwa kama maua yale. Elisa anachangamka, anasema huenda angeweza. Mazungumzo yanaishia hapo. Mwenye shamba ameutamka uwezo wa mkewe kwa kinywa chake mwenyewe, asione kwamba kuna la kufanya baada ya kuutamka.

Kinachofuata wengi wanakikumbuka. Anapita fundi mzururaji na gari lake la farasi, kazi yake kunoa visu na kuziba sufuria. Anajifanya anayapenda maua, na Elisa, ambaye hajaulizwa kitu na mtu kwa siku nyingi, anamwaga yote aliyonayo kuhusu mikono inayojua kupanda. Anamfungashia miche ndani ya chungu chekundu. Jioni, wakiwa njiani kwenda mjini, anaiona miche imetupwa barabarani. Fundi amekibakisha chungu. Wasomaji wengi humlaani fundi huyo, na anastahili. Lakini tapeli hupata nafasi pale penye njaa, na njaa hii haikuletwa na gari la farasi. Ilikuwepo tangu mwanzo wa hadithi, mwanamke yuko ndani ya ua wa waya na biashara ya shamba lao inafanyika upande wa pili.

Charlotte Perkins Gilman hakuhitaji kuibuni njaa ya namna hiyo, kwa kuwa aliipitia. Alimzaa binti yake mwaka 1885, akaingia katika huzuni nzito, na mwaka 1887 akapelekwa Philadelphia kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, Silas Weir Mitchell. Tiba ilikuwa kupumzishwa: kulala, kulishwa, kutengwa. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani aliagizwa aishi maisha ya nyumbani kadiri awezavyo, ashughulishe akili si zaidi ya saa mbili kwa siku, na asiguse kalamu tena. Kwa maelezo yake mwenyewe, nusura awe mwendawazimu. Ndipo ikaja hadithi yake, The Yellow Wallpaper, mwaka 1892. Mwanamke ndani yake ameolewa na daktari, John, anayempenda na kumwita kwa majina ya mahaba, anayembeba mpaka ghorofani na kumsomea akiwa amechoka. Chumba alichopewa kina nondo madirishani na kitanda kilichopigwa misumari sakafuni. Anaandika kwa siri. Akisikia nyayo, anaficha karatasi. Kila anapotaka kusema kwamba tiba haimfai, John anamtuliza kama mtoto.

Daktari Mitchell huyo huyo alipopata mgonjwa wa kiume mwenye akili iliyochoka, alijua dawa nyingine. Mwaka 1885 alimwagiza Owen Wister aende Magharibi, na Wister akaenda Wyoming, akapanda farasi, akalala nje, akaandika. Safari zake za Magharibi zilizaa riwaya ya The Virginian. Mwanamume aliyelemewa alifunguliwa milango, na mwanamke aliyelemewa akafungiwa. Aliyeamua hivyo alikuwa tabibu aliyeheshimiwa, anayewatakia wote wawili afya. Ndiyo maana nasema wema wa mtu mmoja mmoja hautufikishi mbali. Mpangilio unaweza kumdhuru mwanamke kwa mikono ya watu wanaompenda.

Kate Chopin alilisema hilo kwa maneno machache kuliko wote. The Story of an Hour, ya mwaka 1894, inaisha ndani ya saa moja: mke mwenye moyo mgonjwa anaambiwa mumewe amefariki katika ajali ya treni, analia, anajifungia chumbani, na mbele ya dirisha lililo wazi anagundua kwamba miaka iliyobaki ni yake. Chopin anahakikisha tunajua kwamba marehemu alimtazama mkewe kwa mapenzi daima. Msomaji anayeudhika na furaha ya mjane huyo namwelewa, lakini namwomba ajiulize ni maisha gani hayo ambayo mtu mwema anapaswa kufa ndipo mwenzake avute pumzi.

Hadithi ninayoirudia zaidi ni ya Susan Glaspell, A Jury of Her Peers, ya mwaka 1917. Chimbuko lake ni kesi ya kweli. Desemba 1900 mkulima John Hossack aliuawa kwa shoka karibu na Indianola, Iowa, mkewe Margaret akashtakiwa, na Glaspell, mwandishi kijana wa gazeti la Des Moines Daily News, akaifuatilia. Margaret alitiwa hatiani mwaka 1901, Mahakama Kuu ya jimbo ikaitengua hukumu, na aliposhtakiwa tena mwaka 1903 baraza la wazee wa mahakama halikukubaliana. Walioamua walikuwa wanaume watupu. Akina Hossack walikuwa na watoto wengi, na ugomvi wa miaka mingi ulitajwa mahakamani. Glaspell aliondoa watoto na kelele zote. Akabakiza mume asiyekunywa, anayelipa madeni, na nyumba bondeni isiyoona barabara. Jirani alipomwomba washirikiane laini ya simu, mume alikataa. Watu wanaongea mno, alisema.

Katika hadithi, wanaume wanaochunguza mauaji ya mume huyo wanapanda ghorofani kutafuta sababu. Jikoni wanabaki wanawake wawili, wanaona kazi iliyoachwa katikati, mitungi ya matunda iliyopasuka kwa baridi, mshono wa mfarishi uliokuwa umenyooka ukaharibika ghafla, na ndani ya kisanduku ndege mdogo aliyevunjwa shingo. Wanakificha. Lakini kwangu uzito uko kwa mmoja wao, Bi. Hale, jirani anayekiri kwamba kwa zaidi ya mwaka hakukanyaga nyumba ile kwa kuwa haikuchangamka. Analihesabu hilo kuwa kosa la jinai lisilo na wa kuliadhibu. Glaspell hakumwachia mume mzigo wote. Ukiwa wa yule mke ulijengwa pia na wanawake wenzake waliojua na kukaa kwao.

Wapo watakaosema hayo ni ya Wazungu wa mashamba ya mbali, sisi tuna mawifi, majirani, vikundi vya kina mama. Ni kweli kwamba kutembeleana kunaokoa watu. Hata hivyo, mgonjwa wa Gilman hakukosa watu: wifi yake alikuwemo humo humo nyumbani, akisimamia kazi zote na kumchunga asiandike. Nyumba iliyojaa macho inaweza isiwe na sikio hata moja.

Lawama yangu kwa hadithi hizi ni nyingine. Mgonjwa huyo anaweza kulala ghorofani kwa sababu kuna Mary, anayemlea mtoto wake. Mary anatajwa kwa sifa ya kulea vizuri, basi. Hatujui analala wapi wala kama ana mtoto wake mwenyewe. Mwaka 1898, katika kitabu Women and Economics, Gilman alidai upishi na malezi viwe kazi za wataalamu wanaolipwa, ili mke aachiliwe. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ila nauliza mlipwaji huyo atakuwa nani, na nani atamtembelea. Kwenye nyumba zetu anaitwa dada, anaamka kabla ya wote, na bibi mwenye nyumba aliyesoma hadithi hizi zote na kuzililia anaweza asijue jina la kijiji alikotoka.