Kompyuta Ikiganda, Toa Kidole Kwenye Kitufe cha Kuzimia!

Leo nina neno na wale wenye mkono mwepesi. Kompyuta ikiganda kidogo tu, kipanya kikikataa kusogea, mtu anakandamiza kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike. Ukimuuliza mbona, anakujibu, "Si ilikuwa imekwama?"

La, ndugu yangu. Mara nyingi kilichokwama ni programu moja, au yale mazingira ya picha unayoyaona kwenye skrini. Chini yake mfumo wenyewe bado uko hai na unasikiliza kibodi. Msimamo wangu ni huu: kila anayetumia tarakilishi kwa kazi anapaswa kuvijua vitufe vya kuinusuru, na wanaotutengenezea mifumo wasituzimie vitufe hivyo kimyakimya.

Kuna hasara gani ukizima tu? Chukua Linux. Programu inapohifadhi faili, si lazima data iende kwenye diski papo hapo. Hukaa kwanza kwenye memori, na kwa mipangilio ya kawaida inaweza kungoja sekunde 30 hivi kabla ya kuandikwa. Ni kweli mfumo wa faili wa ext4 una jarida lake la kujikinga, lakini kwa kawaida jarida hilo hulinda mpangilio wa faili. Halikuahidi kwamba mauzo uliyoandika dakika iliyopita yapo. Kwa mwenye duka anayefunga hesabu za siku, au mwanafunzi anayemalizia tasnifu, hiyo si hasara ndogo. Stima ikikatika hukuwa na hiari. Ukizima kwa kidole chako, umejikatia stima mwenyewe.

Basi tufanyeje? Kwanza subiri dakika moja au mbili. Bonyeza Caps Lock uangalie taa yake. Ikiwaka na kuzima, kuna uhai. Isipowaka usikate tamaa bado, maana kwenye Linux taa hiyo husimamiwa na mazingira ya picha, ambayo huenda ndiyo yaliyokwama.

Kwenye Windows, Ctrl+Shift+Esc hufungua kidhibiti cha programu, nawe unaifunga ile iliyokwama peke yake. Ikishindikana, kuna Ctrl+Alt+Del, ambayo tangu Windows NT ya 1993 programu ya kawaida haiwezi kuizuia. Skrini ikiwa nyeusi kwenye Windows 10 au 11, jaribu kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B. Kadi ya picha huanzishwa upya na programu zako hubaki wazi. Wenye Mac watumie Command+Option+Esc.

Kwenye Linux, bonyeza Ctrl+Alt+F3. Utapata skrini ya maandishi. Ingia kwa jina na nywila yako, andika top uone nani anakula memori au prosesa, kisha mwondoe kwa kill na namba yake. Rudi kwa Ctrl+Alt+F2 (kwingine ni F1 au F7). Mara nyingi utaikuta kazi yako yote palepale.

Hiyo nayo ikigoma, kuna SysRq, ambayo kwa kawaida ndiyo PrintScreen. Shikilia Alt na SysRq, kisha bonyeza taratibu R, E, I, S, U, B, ukiacha sekunde chache kati ya herufi na herufi. R hurudisha kibodi mikononi mwa kerneli. E huziomba programu zifunge. I huziua zilizokaidi. S huandika kwenye diski kila kilichokuwa kikingoja. U hufanya diski ziwe za kusomwa tu. B huanzisha mashine upya. Mashine itazimika, ndiyo, lakini itazimika kwa adabu.

Sasa ndipo lalamiko langu lilipo. Ubuntu huja na thamani ya kernel.sysrq ikiwa 176, maana yake S, U na B tu ndizo zinazoruhusiwa. Fedora huja na 16, yaani S peke yake. Na tangu Ubuntu 9.04 ya mwaka 2009, Ctrl+Alt+Backspace, iliyokuwa ikiua mazingira yote ya picha kwa mpigo mmoja, imezimwa. Hiyo ya mwisho naielewa, maana mtu angeweza kuibonyeza kwa bahati mbaya akapoteza kila kitu. Lakini SysRq vidole havijikwai tu juu yake.

Watasema ni usalama: aliyekaa mbele ya mashine anaweza kuua programu inayofunga skrini, akaingia bila nywila. Hoja hiyo ina nguvu kwenye saiba au maabara ya chuo, na huko waiache ilivyo. Lakini kwenye kompyuta yangu ya nyumbani, ninachokihitaji zaidi ni Alt+SysRq+F, inayoiambia kerneli iue programu moja iliyomeza memori na kuziacha nyingine. Kwa mashine zetu za memori ya GB 4, hiyo ndiyo dawa hasa, na ndiyo tuliyonyimwa.

Unaweza kujirudishia. Tengeneza faili /etc/sysctl.d/90-sysrq.conf, andika ndani yake kernel.sysrq=244, kisha endesha sudo sysctl --system. Namba hiyo inaruhusu R, E, I, S, U, B na F. Haifungui milango yote kama ambavyo 1 ingefanya.

Wengine watasema siku hizi kila kitu kinajihifadhi mtandaoni. Kwa baadhi ya kazi, sawa. Lakini hesabu nyingi za maduka bado zimo kwenye diski ya mashine moja chini ya kaunta. Wanaofundisha kozi za kompyuta mitaani wangetenga dakika kumi tu kwa vitufe hivi, wangewaokolea wateja wa kesho fedha wanazompa fundi.

Mfa maji haachi kutapatapa, na mwenye kompyuta iliyoganda hubonyeza chochote. Kwa hiyo fanya mazoezi leo mashine ikiwa nzima. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, uone palivyo, urudi. Siku ya siku vidole vitakuwa vinaijua njia.