Mfupa Hupona Kabla ya Moyo

Mtu akianguka kutoka mgongoni mwa farasi, au akitupwa na baiskeli mteremkoni, sisi tulio karibu hukimbilia mkono na mguu wake. Tunampeleka hospitali, mfupa unaungwa, plasta inafungwa, na baada ya majuma kadhaa inakatwa. Hapo ndipo tunapomwambia, "Umepona sasa. Haya, panda!" Akisita tunamcheka, na akikataa tunamwita mwoga. Leo ningependa kutoa rai kwamba kusita huko hakustahili kuchekwa, na kwamba walimu ndio wanaopaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili.

Nimetaja farasi, na huenda msomaji wa Voi akauliza: farasi yupi? Ni kweli kwamba ardhi ya Taita Taveta haikuwapokea vizuri wanyama hao. Mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Jenerali Jan Smuts alileta vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini ili kupambana na Wajerumani waliokuwa wameshika Salaita na Taveta. Reli ilikuwa imeanza kujengwa kutoka Voi kuelekea Maktau kwa ajili ya vita hivyo. Farasi walikufa kwa maelfu katika kampeni ile, na miongoni mwa maadui wao wakubwa alikuwa mbung'o, aletaye ugonjwa wa nagana. Siku hizi Mkenya atakaye kuwaona farasi wakishindana huenda kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi. Farasi wetu sisi ni baiskeli na pikipiki. Hata hivyo, hofu ya aliyeanguka ni ile ile.

Tena hofu hiyo ina gharama. Mtoto akaaye mbali na shule, katika nyika iliyo baina ya Voi na Mwatate au chini ya kilima cha Sagalla, huitegemea baiskeli ili awahi kengele ya asubuhi. Akiogopa kuipanda, atatembea. Akitembea, atachelewa, na huenda akalazimika kupita njiani saa ambazo ndovu wa Tsavo hawajarudi porini. Akichelewa ataadhibiwa, wala hakuna atakayemwuliza kwa nini baiskeli yake imeegemezwa ukutani tangu muhula uliopita. Kwa upande mwingine yuko kijana wa bodaboda ambaye hana ruhusa ya kuogopa. Deni la pikipiki humrudisha barabarani angali akichechemea, mikono ikitetemeka kila lori la Mombasa linapompita. Huyo wa kwanza tunamwita mwoga na huyu wa pili tunamwita shujaa. Kwa maoni yangu, wote wawili wamekosa kitu kimoja.

Kitu hicho ni kujiamini, na mimi kama mwanaisimu naomba nilitazame neno lenyewe. Kiswahili kimelipata tendo hili la kuamini katika Kiarabu, na katika shina hilo hilo tumepata amani, imani na amana. Undugu huu si wa bahati nasibu, kwani shina lake hubeba maana ya usalama. Amana ni mali iliyowekwa mahali salama. Amani ni hali ya kukaa salama. Naye ajiaminiye ni mtu anayejiona yu salama mikononi mwake mwenyewe. Ujasiri ni jambo lingine kabisa. Jasiri hutenda ilhali hatari ipo, na pengine huku akiijua. Sisi tumezoea kumdai aliyeumia ujasiri, tukidhani kwamba tunampa hali ya kujiamini. Tunampigia kelele za "jipe moyo", tukisahau kwamba kelele hazijawahi kumpa mtu amani.

Wanaofundisha kupanda farasi wanalijua hili vizuri, kwa sababu farasi hadanganyiki. Ni mnyama aliyeumbwa kukimbia hatari, na huusoma mwili wa aliye mgongoni mwake. Mpandaji akibana magoti, akizuia pumzi na kuvuta hatamu, farasi naye huanza kuwa na wasiwasi. Kwa hiyo mpandaji aliyeumia harudishwi moja kwa moja kwenye mbio. Huanza kwa kumpiga farasi brashi na kumwongoza kwa miguu. Kisha hupanda farasi mtulivu, huku mwalimu akishika kamba ndefu na kumzungusha mnyama kwa mwendo wa taratibu. Hatua inayofuata huja pale ile ya kwanza inapoanza kumchosha kwa wepesi wake. Ikiwa siku hiyo ni mbaya, hurudi hatua moja nyuma, wala hakuna anayeihesabu kuwa aibu.

Mimi pia nimewahi kupitia njia hiyo, ingawa mnyama wangu alikuwa wa chuma. Miaka kadhaa iliyopita mbuzi walikatiza ghafla mbele ya baiskeli yangu kwenye mteremko wa kutoka Wundanyi kwenda Mwatate, nikavunjika kifundo cha mkono. Mkono ulipona mapema. Lakini kwa miezi mingi nilipoisikia breki ikilia, kiganja kilitoka jasho. Aliyenisaidia ni jirani yangu, mzee mstaafu, ambaye hakunihubiria. Alinialika tu tuzikokote baiskeli zetu hadi dukani kila jioni, tukizungumza. Baada ya siku nyingi tulizipanda kwenye tambarare, na mteremko tuliuacha hadi mwisho kabisa. Hakuwahi kuniuliza kama ningali naogopa.

Mzee yule hakuwa amesoma saikolojia, lakini utaratibu wake una ushahidi wa kitaalamu. Mwaka 1924 mtafiti wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto mdogo, Peter, aliyeogopa sana sungura. Mnyama alisogezwa karibu kidogo kidogo, siku baada ya siku, mtoto akiwa anakula chakula akipendacho, na wakati mwingine akiwa pamoja na watoto wasioogopa. Mwishowe Peter aliweza kumshika sungura. Naye Lis Hartel wa Denmark, mpanda farasi aliyepatwa na polio mwaka 1944 na kupooza miguu chini ya magoti, alijizoeza upya hatua kwa hatua. Mwaka 1952, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alipata medali ya fedha ingawa ilimbidi asaidiwe kupanda na kushuka. Hapana shaka alikuwa jasiri, lakini ujasiri huo ulijengwa kwa mazoezi ya miaka mingi.

Wapo watakaosema kwamba subira ya namna hii itawalea watoto kuwa legelege. Wahenga wenyewe walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na methali hii hutumiwa mara nyingi kwa dhihaka. Mimi naisoma vingine. Aliyeumwa ana habari ambayo sisi hatuna. Kabla ya kumwambia mtoto asiogope, tukague breki, taa na minyororo ya baiskeli yake. Kabla ya kumsifu kijana wa bodaboda, tuhakikishe yeye na abiria wake wamevaa kofia ngumu. Pengine hofu yake inasema kweli. Ikiwa imesema kweli, irekebishwe sababu yake; ikiwa inarudia tu habari za jana, basi ifundishwe polepole habari mpya.

Walimu wenzangu, Kiswahili chetu husema mwanafunzi "ameanguka" mtihani, kwa kitenzi kile kile cha aliyeanguka kutoka kwa farasi. Kila mwaka matokeo yakitoka tunakuwa na darasa zima la watu wenye plasta zisizoonekana. Msichana aliyechekwa aliposoma kwa sauti, mvulana aliyeambiwa kwamba hesabu hazimwezi: hao wameumia, nao husita mbele ya ubao kama mimi nilivyosita mbele ya mteremko. Tuwape swali wanaloliweza kabla ya lile linalowatisha. Tuwape mwenza wa kusoma naye. Tukomeshe kicheko darasani, kwa maana kicheko kimoja chaweza kubomoa kazi ya muhula mzima. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akiwa anaikokota baiskeli yake njiani, shukeni katika zenu mtembee naye. Mwendo huo wa miguu ndio mwanzo wa kupanda kwake tena.