Betri Ikifa, Itazikwa Wapi?

Tangu Sheria ya Fedha ya 2023 kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki na mabasi ya umeme na betri za lithiamu, na Rais kuja Mombasa Septemba ya mwaka ule ule kuzindua pikipiki hizo kwa shangwe, sisi wa Malindi na Kilifi tumekuwa tukihimizwa kupiga vigelegele. Nami naona furaha imetangulizwa na akili imeachwa nyuma.

Wanaozitetea husema kwamba hazitoi moshi, na kwamba umeme wetu aghalabu hutoka katika mvuke wa Olkaria, maji, upepo, na jua la Langobaya, penye mitambo ya megawati 40. Ni kweli. Kukatika kwa umeme nako, ambako Agosti 2023 kuliitia nchi karibu nzima gizani, nakusamehe kwa leo, japo mwenye bodaboda asiyeweza kuchaji hana cha kupeleka nyumbani.

Lisilosameheka ni betri iliyokufa. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichofunguliwa 2007 kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi: maji ya asidi yakatiririka baina ya nyumba, moshi ukaingia vyumbani, na risasi ikaonekana katika damu ya watoto, ilhali NEMA, iliyopewa dhamana ya mazingira kwa sheria ya 1999, ipo na mihuri yake mezani. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama ikawapa wanakijiji fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Disemba 2024, miaka kumi baada ya tanuri kuzimwa.

Nitaambiwa lithiamu si risasi. Naam, si risasi. Ni kitu kiwezacho kulipuka moto kikitobolewa, na moshi wake ni sumu. Nitaambiwa tena kwamba sheria ya taka ya 2022 yamtwika mtengenezaji mzigo wa taka zake. Hasha! Sheria ilikuwapo Owino Uhuru pia, na aliyesimama kudai haki hakuwa ofisa yeyote mwenye mshahara wa serikali, bali Phyllis Omido, mfanyakazi wa kiwanda kile kile, aliyeona mwanawe mwenyewe amedhurika. Karatasi nyingine itatufaa nini?

Wawakilishi wa Kilifi na wadai pahali palipotajwa kwa jina pa kupokelea betri zilizokufa, na fedha zilizowekwa amana na wauzaji kabla hawajauza. Pasipo hayo, msamaha wa kodi ufutwe.